Gujoni haishiki: namna nyuzi za karteri zinavyokufa, na namna ya kuzirudisha

Kwanza huja mlio. Pikipiki ya zamani, Honda CG125 au Yamaha DT iliyoanza maisha kwenye parokia au kwenye mradi fulani kabla ya kumfikia motari (dereva wa pikipiki ya abiria) wa Bukavu, inapanda mwinuko wa Kadutu na abiria wawili, na pembeni ya injini unasikia hewa ikichuruzika: chu, chu, chu. Baada ya siku chache mstari mweusi wa mafuta unajichora pale kulasi, kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu, inapokutana na silinda. Fundi anashika spana, anakaza nati. Nati inazunguka, inalegea mkononi, inazunguka tena. Haishiki.

“Kaka, kazia tu kidogo, kesho tutaona,” motari anasema, maana kila saa anayosimama ni pesa inayopotea. Lakini hakuna tena cha kukaza. Nyuzi, ile mikato ya kuzunguka ambayo skrubu hushikia, zimeliwa, na kila nusu mzunguko unaoongezwa unavunja zile chache zilizobaki.

Kabla ya kutafuta dawa, tujue ni nyuzi zipi zilizokufa. Gujoni ni fimbo ya chuma yenye nyuzi pande zote mbili. Upande wa chini umezama ndani ya karteri, bodi ya alumini inayobeba injini yote. Fimbo inapita kwenye silinda, inapita kwenye kulasi, na juu inapokea nati. Kwa hiyo mahali pa kufa ni patatu: nati yenyewe, nyuzi za juu za gujoni, au nyuzi za karteri. Ya kwanza na ya pili ni mambo madogo, unabadilisha kipande na kwenda zako. Ya tatu ndiyo inayotufanya tuandike. Kuitambua si kazi: ukikaza, tazama ncha ya gujoni. Kama nati inazunguka peke yake huku gujoni imetulia, tatizo liko juu. Kama gujoni nzima inapanda huku nati ikizunguka, au inazunguka pamoja na nati bila kushika, karteri imeachia. Ukiitoa utaona nyuzi za alumini zimejisokota kwenye chuma, nyeupe, kama zimenyolewa.

Nguvu inayofanya kazi pale

Wengi wanaona nati kama kizuizi tu, kitu cha kufanya kulasi isiruke. Ukweli ni kwamba ukikaza nati unavuta gujoni mpaka inarefuka kidogo sana, na hamu yake ya kurudi kwenye urefu wake ndiyo inayobana kulasi, gasketi na silinda. Ni kama ule mpira wa kufungia mzigo nyuma ya pikipiki: kinachoshika gunia ni mvuto wa mpira, siyo ndoano yake. Ndoano kazi yake ni moja tu, kutokuachia. Nyuzi za karteri ndizo ndoano.

Mvuto huo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua gujoni ya milimita 8, ile ya hatua ya 1.25 (umbali kati ya uzi na uzi) inayoonekana kwenye injini ndogo nyingi, ukaikaza kwa nyutoni mita 22 ikiwa kavu. Gujoni inavutwa kwa nyutoni 13,700 hivi, sawa na kuning’iniza tani 1.4. Ziko nne, kwa hiyo kulasi inabanwa kwa zaidi ya tani tano. Upande wa pili, pistoni ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5. Moto ukiwaka na shinikizo likafika bar 50, kulasi inasukumwa juu kwa nguvu ya takriban tani 1.3. Ukilinganisha, mbano ni zaidi ya mara nne ya msukumo. Si ubadhirifu, maana gasketi isipobaki imebanwa sawasawa kila kona, mara elfu kadhaa kwa dakika moto utatafuta kona dhaifu. Gujoni moja ikilegea, kona yake inapumua, na hapo ndipo ule mlio unapotoka.

Sasa ongeza joto. Alumini hurefuka kwa mikromita 23 kwa kila mita na kila nyuzijoto moja, chuma 12 tu. Kwenye injini yenye silinda na kulasi za alumini, yenye kimo cha milimita 150 kati ya karteri na nati, joto likipanda kwa 100 alumini inataka kurefuka zaidi ya chuma kwa milimita 0.16 hivi. Haionekani kwa macho. Lakini gujoni inalazimika kuifuata, na mvuto wake unaongezeka kwa maelfu ya nyutoni juu ya ule fundi aliouweka injini ikiwa baridi. Silinda ya chuma cha kuyeyusha haina shida hiyo kwa kiasi hicho. Ndiyo maana pikipiki iliyokazwa kupita kiasi asubuhi inaweza kukaa kimya garaji, halafu ikaachia katikati ya mlima.

Jambo jingine: nyuzi hazigawani mzigo sawa. Ule uzi wa kwanza karibu na mdomo wa tundu hubeba karibu theluthi ya mzigo wote, unaofuata hubeba pungufu, na wa chini kabisa karibu hawafanyi kitu. Wa kwanza ukikatika, mzigo wake unaenda kwa wa pili. Halafu wa tatu. Kwa hiyo fundi anahisi nati “inaingia vizuri”, inaingia tena, kumbe anasikia nyuzi zikikatika mmoja baada ya mwingine.

Na muuaji ni nani? Mara nyingi ni mkono. Spana yenye urefu wa sentimita 20 ukiivuta kwa nguvu ya kilo 30, jambo ambalo kijana wa garaji hulifanya bila kukunja uso, unaweka karibu nyutoni mita 59. Karibu mara tatu ya kipimo. Mkosaji wa pili ni mafuta kwenye nyuzi: msuguano unapungua, na kipimo kilekile cha spana kinavuta gujoni kwa theluthi zaidi au hata kupita hapo. Kitabu cha kiwanda kinaposema nyuzi ziwe kavu au ziwe na mafuta, kinamaanisha hilo. Wa tatu ni umri. Injini ya miaka 40 imefunguliwa na watu wengi, na kila mmoja alikaza zaidi kidogo kuliko aliyemtangulia ili awe na uhakika.

Dawa za uongo

Zipo za aina tatu zinazojulikana mjini. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara inazungushwa kwenye gujoni. Gundi ya chuma ya mirija miwili inamiminwa kwenye tundu. Gujoni inapigwa nyundo ili inenepe. Zote hushika siku ya kwanza, kwa sababu injini ni baridi. Gundi ya mirija miwili haikuumbwa kubeba zaidi ya tani moja kwenye alumini yenye joto la injini ya kupozwa na hewa, na ikishindwa inaacha tundu limejaa uchafu ambao fundi wa pili atauchimba kwa tabu.

Kuna dawa moja rahisi ambayo si ya uongo, nayo watu huisahau. Wakati mwingine tundu la karteri lina nyuzi chini zaidi ambazo gujoni ya kiwandani haikuzifikia. Pima kina kwa waya. Kama kuna milimita nane au kumi za nyuzi safi huko chini, gujoni ndefu zaidi itashika bila kutoboa chochote. Mara nyingi hazipo, lakini kupima hakugharimu kitu.

Njia tatu za kweli

Ya kwanza ni koili ya waya, inayouzwa kwa jina la Helicoil na majina mengine. Ni springi fupi ya chuma kisichoshika kutu, waya wake umekatwa kwa umbo la almasi ili nje uwe uzi mmoja na ndani uzi mwingine. Unatoboa tundu kwa meshi (ncha ya keekee) ya milimita 8.3, unakata nyuzi kwa taro yake maalumu yenye upana wa milimita 9.6 hivi, unazungusha koili ndani, na gujoni ileile ya milimita 8 inarudi mahali pake. Watu hushangaa kusikia kwamba tundu hilo sasa lina nguvu kuliko la kiwandani. Sababu ni hesabu ndogo: alumini sasa inashikwa kwenye duara la 9.6 badala ya 8, na eneo linalopaswa kukatika limeongezeka kwa asilimia 20.

Ya pili ni bushi nzima ya chuma. Zipo za kiwandani kama Time-Sert, lakini Bukavu utakachopata kirahisi ni ile inayokerezwa na fundi mwenye mashine ya kukerezea: nje nyuzi za milimita 12, ndani za milimita 8. Ni imara sana. Ubaya wake ni kwamba inakula alumini nyingi, na kwenye karteri ya zamani ukuta unaozunguka tundu unaweza kuwa mwembamba kiasi cha kupasuka. Tazama pia njia ya mafuta. Kwenye injini nyingi ndogo zenye kemushafti (fimbo inayofungua vali) juu, mafuta hupanda kwenda kulasi yakizunguka gujoni mojawapo ndani ya tundu lake, na hiyo utaitambua kwa nati yenye kofia na washa ya shaba. Bushi iliyofunga njia hiyo itaua kemushafti ndani ya muda mfupi.

Ya tatu ni gujoni ya ngazi: chini milimita 10, juu milimita 8. Tundu linatobolewa kwa meshi ya 8.8 kama hatua ni 1.25, au 8.5 kama hatua ni 1.5. Inakula alumini karibu sawa na koili, na ni suluhisho zuri, mradi chuma kiwe chuma. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fimbo ndefu yenye nyuzi inayouzwa kwa wauza vyuma mara nyingi ni ya daraja la nguvu la 4.8, na kwa milimita 8 inaanza kurefuka moja kwa moja, bila kurudi, inapovutwa zaidi ya nyutoni 11,300 hivi. Tumeona tunahitaji 13,700. Yaani gujoni hiyo inaharibika siku unayoikaza, kabla pikipiki haijawashwa. Daraja la 8.8 hubeba zaidi ya 21,000. Nondo ya ujenzi sitaijadili. Mpelekee mkerezaji bolti ndefu ya gari iliyoandikwa 10.9 kichwani, aikate hiyo, na mwambie pale milimita 10 inapogeuka 8 aache mviringo, asiache kona kali, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona.

Mimi ningeanza na koili kila mara inapopatikana. Si kwa sababu ni bora kuliko bushi. Ni kwa sababu koili ikishindwa bado unaweza kutoboa na kuweka bushi, lakini bushi ikishindwa karteri imekwisha, na karteri ya pikipiki ya mwaka 1978 huipati dukani.

Kutoboa

Gujoni iliyoachia hutoka kwa vidole. Tatizo ni jirani zake, maana mara nyingi unataka kuzitoa zote ili upate uwanja, na nazo zimekaa humo miongo. Usizishike kiunoni kwa koleo ya mabomba. Kila mkwaruzo pale ni mwanzo wa ufa. Funga nati mbili juu ya gujoni zikabane zenyewe kwa zenyewe, kisha zungusha ile ya chini. Kabla ya hapo mimina maji ya moto kwenye karteri, polepole, kando ya tundu, ukiwa umeziba mdomo wa injini. Kando ya Ziwa Kivu tuko mita 1,460 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, lakini zinatosha: alumini inatanuka kuliko chuma, tundu linafunguka. Kama kuna gundi ya zamani, maji hayatoshi, utahitaji moto wa gesi kwa uangalifu.

Kila kitu sasa kinategemea unyoofu. Gujoni iliyoinama kwa digrii moja tu chini, juu kwenye kimo cha milimita 150 imekwenda pembeni kwa milimita 2.6. Silinda haitaingia, au itaingia kwa kulazimishwa na kukaa imebanwa upande mmoja. Jicho na mkono havitoshi. Kama karteri imefunguliwa na kugawanywa, ipeleke kwenye keekee ya kusimama, ipime kwa gonia, toboa. Kama injini bado iko kwenye fremu, tengeneza bamba la kuongozea: kipande cha chuma cha unene wa milimita 20, kilichotobolewa na mkerezaji matundu manne kwa mpangilio uleule wa gujoni. Kinakaa juu ya gujoni tatu nzima, kinabanwa kwa nati zake, na tundu la nne linaongoza meshi. Bamba hilo si la siku moja. Garaji inayotengeneza aina moja ya pikipiki italitumia miaka.

Ziba mdomo wa karteri kwa kitambaa safi kimoja kikubwa, si vitambaa vidogo vitano ambavyo kimoja kitabaki ndani. Paka grisi kwenye meshi na kwenye taro ili chembe zinase. Funga utepe kwenye meshi kuonyesha kina. Toboa taratibu; umeme ukikatika, keekee ya mkono ni sawa kabisa kwa alumini, na ina faida kwamba huwezi kuharakisha. Kwa kukata nyuzi, mafuta ya taa ndiyo mazuri kwa alumini. Yanazuia chembe zisigandamane na meno ya taro. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na kila mara toa taro uisafishe.

Tundu likiisha, lisafishe kwa petroli na hewa ya pampu. Kwado, mziba matairi, wa jirani anayo. Kisha jambo ambalo wengi huliruka: mdomo wa tundu uchongwe kidogo uwe na mteremko. Uzi wa kwanza ukivutwa huinua alumini na kufanya kinundu, na kinundu hicho, hata cha unene wa karatasi, kinazuia silinda kukaa bapa. Weka rula ya chuma juu ya karteri uangalie mwanga chini yake.

Koili inazungushwa kwa mkono mwepesi, bila kusukuma, na haizungushwi kinyume. Inasimama chini ya uso wa karteri kwa robo hadi nusu ya hatua ya uzi, kwa sababu ileile ya kinundu. Ule mkia wa chini unaoshikilia chombo unavunjwa kwa pigo moja la pini, na lazima uutoe na kuuona kwa macho kabla ya kuendelea. Urefu wa koili uwe angalau mara moja na nusu ya kipenyo, milimita 12 kwa gujoni ya 8. Kama kina kinaruhusu 16, weka 16.

Gujoni nayo irudi kwenye kimo kilekile cha wenzake. Pima kwa kalipa. Usiikaze mpaka ikagonga chini ya tundu, na tundu lisiwe na mafuta, maana mafuta yaliyofungiwa chini ya gujoni yanageuka kuwa jeki, na jeki hupasua karteri.

Kukaza bila spana ya kipimo

Spana ya kupimia mkazo ingekuwa jibu, lakini garaji nyingi hazina. Mizani ya kulabu ya wauza nyama inaweza kufanya kazi hiyo. Pima sentimita 20 kutoka katikati ya nati kwenye mkono wa spana, tia kulabu hapo, vuta kwa pembe mraba na spana. Mizani ikisoma kilo 10, umeweka nyutoni mita 19.6. Kilo 11, nyutoni mita 21.6. Pikipiki nyingi za gujoni za milimita 8 huomba nyutoni mita kati ya 18 na 25, lakini kipimo cha kitabu cha pikipiki yako ndicho sheria. Vuta polepole, bila mishtuko. Kaza kwa mkingamo, kona kwa kona, kwanza kilo 4, kisha 7, kisha kipimo chenyewe.

Washa injini ipate moto, izime, iache ipoe kabisa, hata usiku kucha. Kisha rudia mizani. Kama nati zinasogea kidogo, zote nne kwa kiasi kinachofanana, gasketi imelala tu, ongeza mpaka kipimo na umalize. Kama ni moja peke yake inayosogea sana, usiongeze. Toa kalipa upime ncha ya gujoni hiyo dhidi ya zile tatu: kama imepanda na kiuno chake ni kilekile, koili inatoka na tundu lilikatwa pana kupita kiasi; kama kiuno chake kimekuwa chembamba mahali, gujoni yenyewe inarefuka, na umeuziwa chuma laini.